Matabaka manne ya ramani yanapopingana: tuanzie kwenye udongo, maji, nyasi au spishi?

Mpima_Bonde ameuliza:

Wanajukwaa, habari za kazi. Ninaomba ushauri wa wenye uzoefu kuhusu jambo lililonikwamisha kwa wiki kadhaa sasa. Nimekabidhiwa kazi ya kuandaa ramani moja ya ukanda mzima itakayoonyesha maeneo yanayostahili kupewa kipaumbele cha uhifadhi, na ramani hiyo inatakiwa ijengwe kwa matabaka manne: udongo, ardhi oevu, nyanda za nyasi, na mahali walipoonekana wanyama na mimea iliyo katika hatari ya kutoweka.

Tabaka la udongo ni la skeli ya 1:250,000 na lilichorwa miongo kadhaa iliyopita. Ardhi oevu nimeichora mwenyewe kwa picha za satelaiti za Sentinel-2, ambazo kila pikseli yake inafunika mita 10 kwa 10. Nyanda za nyasi zimetokana na uainishaji wa kompyuta uliotumia picha hizohizo, na nukta za spishi nimezipakua kutoka GBIF, hifadhidata ya wazi ya rekodi za viumbe.

Kila tabaka likiwa peke yake linapendeza. Nilipoyaweka moja juu ya jingine ndipo tatizo lilipojitokeza. Kuna bonde moja refu ambalo ramani ya udongo inalieleza kuwa ni la mfinyanzi mweusi unaotuamisha maji, lakini picha zangu zinaonyesha kuwa ni nyasi kavu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Juu yake, nukta tatu za chura ambaye Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, inamtaja kuwa yumo hatarini, na ambaye huzaliana kwenye maji ya msimu, zimeangukia kwenye mgongo wa kilima wenye mawe matupu.

Nina maswali matatu. Kwanza, matabaka yakipingana namna hii, niamini lipi? Pili, je, ni sahihi kulipatia kila tabaka alama sawa kisha kujumlisha, ili eneo lenye alama nyingi ndilo lipewe kipaumbele? Tatu, ramani itakapotolewa kwa umma, nukta za spishi nizionyeshe zilivyo au nizifiche? Ninauliza kwa sababu mpaka nitakaouchora ndio utakaotumiwa kuamua nini kilimwe na nini kiachwe, na sitaki bonde lipotee kwa kosa langu la mezani.

Udongo_Kina amejibu:

Ndugu Mpima_Bonde, pole na kazi, na nakupongeza kwa kutolifunika pengo hilo. Wengi hulilainisha kwa kompyuta wakaendelea.

Anza na skeli, kwa kuwa ndiyo inayodanganya watu kimyakimya. Katika skeli ya 1:250,000, milimita moja ya karatasi ni mita 250 za ardhini. Wachoraji wa ramani za udongo kwa kawaida hawachori kipande kidogo kuliko sentimita za mraba 0.4 kwenye karatasi, maana hakisomeki. Kwa skeli yako hiyo ni hekta 250. Kwa hiyo kinamasi cha hekta 40 hakikuweza kuchorwa hata kama mpimaji alikikanyaga kwa miguu yake. Alikiingiza ndani ya kipande kikubwa na kukitaja kwenye maelezo yaliyoambatana na ramani. Je, kitabu cha maelezo unacho? Faili ya kompyuta mara nyingi hubeba jina la udongo mmoja tu, ule uliotawala, ilhali kitabu husema wazi kwamba kipande hicho kina aina mbili au tatu na kila moja inakaa sehemu gani ya mteremko.

Suala hilo la mteremko ndilo lenye faida kubwa kwako. Geoffrey Milne, mkemia wa udongo aliyefanya kazi Amani, Tanganyika, katika miaka ya 1930, aliona kwamba udongo hubadilika kwa mpangilio uleule kila unaposhuka kutoka mgongo wa kilima hadi bondeni, na mpangilio huo ukajirudia kilima hata kilima. Akauita katena, yaani mnyororo. Juu utakuta udongo mwekundu unaopitisha maji, katikati unafifia kuwa wa kahawia au njano, na chini kabisa unakuta kijivu au mfinyanzi mweusi. Ndiyo maana katika maandiko ya udongo ya Afrika Mashariki neno letu "mbuga" limetumika kwa maana ya bonde tambarare la mfinyanzi mweusi linalojaa maji wakati wa mvua, wala si kwa maana ya hifadhi ya wanyama peke yake. Ukiijua katena ya ukanda wako, unaweza kutumia ramani ya miinuko kukadiria vipande vidogo ambavyo ramani ya zamani haikuvichora.

Kisha nenda ukachimbe. Chukua keekee ya udongo, panga mashimo kwa mstari kutoka kilimani hadi ng'ambo ya bonde, shuka hadi mita moja kila shimo, na upange udongo uliotoka juu ya turubai kwa mfuatano wa kina chake. Tazama rangi ukiwa umeulowesha kidogo, na uilinganishe na kitabu cha rangi cha Munsell ili mtu mwingine aweze kuisoma kama ulivyoisoma wewe. Unachotafuta ni kijivu chenye madoadoa ya rangi ya kutu. Udongo ukijaa maji kwa muda mrefu, vijiumbe hai humaliza oksijeni iliyobaki, chuma kinapoteza wekundu wake, kinayeyuka na kuhama, na kinachobaki ni kijivu. Maji yakishuka, hewa huingia kupitia njia za mizizi, na chuma kinapata kutu tena pale pale mzizi ulipopita. Ukivunja bonge mkononi utaona mstari mwembamba wa rangi ya chungwa kuzunguka kila tundu la mzizi. Mstari huo unaonekana hata kiangazi, siku ambayo hakuna tone la maji bonde zima na picha yako ya satelaiti inaapa kwamba ni nyasi kavu.

Kwa hiyo, kwa swali lako la kwanza, mimi ningeutanguliza udongo. Lakini nimetaja kuchimba kwa makusudi: ninauamini udongo ulioshikwa mkononi, na ramani ya udongo ninaichukua kama fununu nzuri ya mahali pa kuchimba.

Jicho_la_Anga amejibu:

Nakubaliana na Udongo_Kina kwa sehemu kubwa, ila ninaongeza tahadhari moja. Madoadoa ya kutu na rangi ya kijivu yanaweza kubaki muda mrefu baada ya maji kuondoka. Bonde likichimbiwa mitaro na kukaushwa, udongo utaendelea kuonyesha historia ya maji ambayo hayapo tena. Udongo unathibitisha kwamba maji yalikuwepo. Kama bado yanarudi kila msimu, hilo linahitaji ushahidi wa pili, na hapo ndipo picha zinapofaa.

Ndugu Mpima_Bonde, hukutueleza picha zako ni za mwezi gani. Nitakisia kwamba ulichagua zisizo na mawingu, kama tulivyofundishwa sote, na kwa hiyo ulichagua kiangazi bila kukusudia. Ukifanya hivyo, kila ardhi oevu ya msimu inatoweka kwenye ramani kabla hujaanza kuichora. Mkataba wa Ramsar wa mwaka 1971, ule wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, unahesabu kuwa ardhi oevu hata ile ambayo maji yake ni ya muda tu, hivyo bonde linalojaa kwa miezi mitatu lina haki yake sawa na ziwa.

Dawa ya mawingu ni rada. Satelaiti za Sentinel-1, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 2014, hutuma mawimbi yao zenyewe na kupokea mwangwi wake, kwa hiyo zinaona usiku na zinaona kupitia wingu. Maji ya wazi yaliyotulia huakisi mawimbi upande wa pili kama kioo, yasirudi kwa satelaiti, nayo hutokea meusi. Maji yaliyo chini ya mimea iliyosimama hufanya kinyume: mawimbi hugonga maji, yakagonga mashina, yakarudi kwa nguvu, na mahali pakang'aa kuliko panapokuwa pakavu. Mtu asiyejua hilo hutafuta weusi peke yake na kulikosa bonde zima la matete. Pia fahamu mpaka wa chombo hiki. Mawimbi ya Sentinel-1 yana urefu wa sentimita 5 na ushee, na mafunjo mazito huyazuia juujuu. Rada za mawimbi marefu zaidi, kama ile ya satelaiti ya ALOS ya Japani, hupenya vizuri zaidi.

Usijaribiwe kuchukua ramani ya dunia ya maji iliyotolewa mwaka 2016 na Kituo cha Pamoja cha Utafiti cha Tume ya Ulaya ukaifanya tabaka lako la ardhi oevu. Ni kazi kubwa, imepitia picha za satelaiti za Landsat za Marekani tangu 1984, lakini imeundwa kutafuta maji yaliyo wazi. Maji yaliyofunikwa na nyasi hayakuwa shabaha yake.

Kuhusu nyanda za nyasi, nina wasiwasi mkubwa kuliko hata wa ardhi oevu. Kwa jicho la kompyuta, uwanda wa asili uliokaa karne nyingi bila kulimwa na shamba lililopumzishwa miaka miwili vyote ni "nyasi". Rangi yao mwezi mmoja inaweza kufanana kabisa. Tofauti huonekana ukifuata mfululizo wa miaka: shamba huacha alama ya udongo ulio wazi baada ya kulimwa, tena lenye kingo zilizonyooka, wakati uwanda wa asili huungua, ukachipua na kukauka kwa mdundo unaorudi bila mipaka ya jembe. Hazina ya Landsat imefunguliwa bure tangu 2008, na picha zenye pikseli za mita 30 zinarudi nyuma hadi 1982. Zitumie. Uwanda uliowahi kupinduliwa kwa jembe hauwezi kupewa thamani sawa na ule ambao mizizi yake haijawahi kukatwa.

Korongo_Mweupe amejibu:

Nitazungumzia vyura wako, kwa kuwa nimewahi kuumizwa na nukta za namna hiyohiyo.

Kabla ya kushangaa chura anafanya nini juu ya mawe, fungua faili uliyoipakua na utafute safu inayotaja kwa mita ukubwa wa mashaka ya mahali. Watu wengi huifuta safu hiyo siku ya kwanza ili faili iwe nyepesi. Rekodi nyingi za GBIF hutoka iNaturalist, tovuti ambako watu huweka picha za viumbe waliowaona, na huko spishi zilizo hatarini hufichwa mahali pake kwa makusudi: nukta huhamishwa kwa kubahatisha ndani ya mstatili wa digrii 0.2 kwa 0.2, ambao karibu na ikweta ni kilomita 22 kila upande. Nukta ya namna hiyo haisemi chura yuko hapo. Inasema yuko mahali fulani ndani ya mstatili mkubwa, na ukiiweka juu ya pikseli ya mita 10 umechanganya vipimo viwili visivyoweza kukaa meza moja. Rekodi nyingine ni za sampuli za makumbusho zilizokusanywa kabla ya vipokezi vya GPS, na mtu aliyezipa majiranukta, yaani namba za mahali kwenye ramani, baadaye aliweka katikati ya kijiji kilichoandikwa kwenye lebo. Halafu kuna suala la datumu, yaani msingi wa kipimo ambao majiranukta huhesabiwa kwao: majiranukta yaliyosomwa kwenye karatasi ya zamani na kuingizwa kana kwamba ni ya WGS84, datumu inayotumiwa na GPS, yanaweza kuhama mita mia kadhaa, jambo linalotosha kumtoa chura bondeni na kumpandisha kilimani.

Baada ya hapo, weka barabara juu ya nukta zako zote. Ninaamini utaziona zimepangana kando ya barabara, kwa sababu waangalizi hupita barabarani. Mahali pasipo na nukta usipaite mahali pasipo na spishi. Mimi hutengeneza tabaka la juhudi, yaani gridi inayoonyesha kila mraba umetembelewa mara ngapi na mtu yeyote aliyeandika chochote, hata ndege wa kawaida. Mraba uliotembelewa mara hamsini bila chura kuonekana una maana. Mraba ambao haujatembelewa hata mara moja hauna la kusema, nao lazima upakwe rangi yake ya pekee. Binafsi ninaona tabaka hilo ndilo linalokosekana zaidi katika ramani za uhifadhi, na kukosekana kwake kumewahi kuuza mabonde ambayo hakuna aliyeyatazama.

Hesabu za IUCN nazo zinaguswa moja kwa moja na usafi wa nukta. Eneo linalokaliwa huhesabiwa kwa miraba ya kilomita 2 kwa 2, yaani kilomita za mraba 4 kila mmoja. Kwa kigezo cha eneo hilo, kizingiti cha spishi iliyo hatarini sana ni chini ya kilomita za mraba 10, na cha spishi iliyo hatarini ni chini ya 500, pamoja na masharti mengine kama kupungua kwa makazi. Spishi yenye miraba miwili ina kilomita za mraba 8; ukiongeza nukta moja ya uongo kwenye mraba wa tatu inafika 12 na kuvuka kizingiti kwenda daraja la hatari ndogo zaidi. Nukta moja tu.

Kwa swali lako la tatu, jibu langu ni fupi: okidi, kobe na viota vya tai usivionyeshe kamwe kwa nukta. Kuna watu wanaosoma ramani zetu ili wakaibe. Kwa umma toa gridi pana, na nukta halisi zibaki kwa wale wanaowajibika na ulinzi wa eneo, kwa maandishi. Lakini andika kwenye ramani kwamba umezificha na umezificha kwa kiasi gani, ili atakayekuja baada yako asiangukie shimo uliloangukia wewe.

Nyasi_Ndefu amejibu:

Kuhusu swali la pili, ambalo wenzangu wamelipita: tafadhali usijumlishe alama. Chukulia kila tabaka ni sahihi kwa asilimia 85, kiwango ambacho wengi tungekifurahia. Kama makosa yao hayahusiani, uwezekano wa matabaka yote manne kuwa sahihi mahali pamoja ni 0.85 × 0.85 × 0.85 × 0.85, yaani asilimia 52 tu. Na mbaya zaidi, ukijumlisha, uwanda wa nyasi usio na maji wala rekodi za spishi utapata alama moja kati ya nne na kuonekana hauna thamani. Uwanda huo huishia kuitwa ardhi tupu, na ardhi tupu hupandwa miti kwa nia njema kabisa, ikawa mwisho wa mimea inayohitaji jua na moto ili iishi. Kila tabaka lipimwe kwa kipimo chake, na eneo lililo bora kwa jambo moja tu lipewe nafasi yake.

Pia waulize wachungaji. Watakwambia ni bonde lipi ng'ombe hunasa kwato na mwezi gani. Mimi hutembea nao nikiwa na karatasi ya picha iliyochapishwa, wao wakiniongoza na mimi nikichora.

Mpima_Bonde amerudi:

Ndugu zangu, nimerudi na matokeo, na ninawashukuru kwa dhati.

Tulichimba mashimo 11 kukatiza bonde. Matatu ya juu yalikuwa mekundu hadi chini. Kuanzia la tano, kwenye kina cha sentimita 60, tulikuta kijivu chenye mistari ya kutu kwenye njia za mizizi, kama ilivyoelezwa hapa. Shimo la saba lilitusimamisha wote: tulipotoa keekee kwenye sentimita 90, maji yalianza kupanda yenyewe taratibu, katikati ya kiangazi, chini ya nyasi zilizokauka hadi kuwa nyeupe. Mzee mchungaji tuliyekuwa naye hakushangaa. Alisema upande ule hawapitishi mifugo tangu mvua za kwanza, akatuonyesha kwa fimbo mahali maji yanapoishia, na mstari wake ulipita kati ya shimo la nne na la tano.

Rada ya miezi ya mvua nimeitazama kwa miaka mitano. Bonde linang'aa katika miaka minne kati ya hiyo, na kung'aa huko kunaishia karibu na mstari wa mzee. Sehemu ya kaskazini ndiyo haing'ai kabisa ingawa udongo wake ni wa kijivu. Tulipofika huko tulikuta mtaro wa zamani uliojifukia nusu. Tahadhari ya Jicho_la_Anga ilikuwa ya kweli, na sehemu hiyo nimeichora kwa alama yake: ardhi oevu iliyokaushwa, inayoweza kurejeshwa mtaro ukizibwa.

Vyura: nukta mbili kati ya tatu zina mashaka ya karibu kilomita 30, kwa hiyo nimeziondoa kwenye uchambuzi wa bonde na kuzibakiza kwenye gridi pana. Ya tatu ni sampuli ya makumbusho, na maelezo ya lebo yanataja madimbwi chini ya kilima. Juu ya mawe iliwekwa na aliyekadiria majiranukta. Miraba inayofunika bonde haijawahi kutembelewa na mwangalizi hata mmoja, nami nimeipaka rangi ya kijivu pamoja na maneno "haijatazamwa".

Kujumlisha alama nimeacha. Kila mpaka kwenye ramani sasa una safu inayosema umejulikanaje: kwa shimo, kwa rada, kwa kauli ya mchungaji, au kwa kukadiria kutoka ramani ya zamani. Mvua zikianza tutarudi usiku na kinasa sauti katika mashimo ya tano hadi ya tisa. Korongo_Mweupe, ukiwa na ushauri wa saa na muda wa kurekodi vyura wa madimbwi ya msimu, ninauhitaji kabla ya hapo.